Kusanifu ofisi ya mbao yenye bustani: anza na njia ya maji

Mteja akikuambia anataka ofisi ya mbao, tena yenye bustani chini, maua roshanini na miti juu ya paa, ujue amekuomba uwalaze paka na panya kitanda kimoja. Mbao zinataka kukaa kavu, bustani inataka kunyweshwa. Nguvu ya boriti, moto na kelele vina hesabu zake, na mhandisi anayeijua kazi atakuvusha. Maji ndiyo yanayowaumbua wasanifu. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini swali litakuwa lilelile: maji yanaingilia wapi, yanapita wapi, na yanatokea wapi?

Nazungumzia jengo la ghorofa 3 hadi 8. Marefu zaidi yapo. Mjøstårnet la Norwei, lililokamilika mwaka 2019, lina ghorofa 18 na urefu wa mita 85.4. Lakini hata hilo, sakafu zake za juu ziliwekwa zege ili uzito upunguze kuyumba kwenye upepo. Tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Amua kipi kiwe mbao na kipi kisiwe

Kung'ang'ania mbao kila mahali ni ushamba. Msingi uwe zege. Ukuta wowote unaogusa udongo uwe zege, tofali au jiwe. Ikiwa ghorofa ya chini itapakana na bustani, vitanda vya maua na njia za maji, mimi huiacha yote iwe zege na kuanza mbao juu yake. Ofisi ya Bullitt Center ya Seattle, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2013, ilifuata njia hiyo: chini zege, juu mbao nzito.

Unachopata kwa mbao ni hiki. Mita moja ya ujazo ya mbao za msonobari uliokauka ina uzito wa kilo 450 hadi 500 hivi, na ndani yake kuna kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani, sawa na takriban kilo 800 za hewa ukaa. Zege la ujazo huohuo lina kilo 2,400, na saruji yake imetoa hewa ukaa tangu ilipochomwa kiwandani. Ila kaboni ya kwenye mbao imewekwa akiba tu. Boriti ikioza baada ya miaka 15 ikatupwa na kuchomwa, akiba imetoka yote, na umekata mti mwingine kuiziba nafasi yake. Jengo la mbao lisilodumu halina uendelevu wowote, hata likipambwa kwa majani mpaka kileleni.

Hatua ya 2: Nenda kiwanjani siku ya mvua

Beba mwamvuli, daftari na penseli (kalamu ya wino italowa). Tazama maji yanakotoka kwa jirani, yanapotuama, yanapokimbilia. Chora mishale. Michoro ya vipimo itakupa miinuko na miteremko, lakini haitakuonyesha dimbwi linalobaki siku tatu nyuma ya mti fulani.

Ukishapata mishale, weka bustani kwanza, jengo baadaye. Sehemu ya chini inayopokea maji ndiyo bustani yako ya mvua, yaani bonde la kina kifupi lenye mimea inayostahimili kulowa na kukauka. Sehemu iliyoinuka ni ya jengo. Miti mikubwa iliyopo izungushie uzio kabla tingatinga halijafika. Magurudumu yakishaushindilia udongo juu ya mizizi, mti utaonekana mzima mwaka mmoja au miwili, kisha uanze kufa kuanzia juu.

Pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni huingia chini chini na hakuna paa la kulizuia, basi lipe pande fupi. Upana wa ghorofa usizidi mita 15 hivi kama unataka watu wa katikati wafanye kazi kwa mwanga wa jua. Mwanga wa dirisha hufika ndani kwa kina cha kama mara mbili ya urefu wa kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha, zaidi ya hapo ni taa. Upana huo mdogo una faida ya pili: karibu kila dawati linaiona bustani, na ndiyo sababu mteja aliiomba.

Hatua ya 3: Panga nguzo kwa kipimo cha mbao

Wasanifu wengi huchora gridi ya nguzo za zege, mita 9 kwa 9, halafu wanamwambia mhandisi "igeuze iwe mbao". Boriti zinanenepa, dari inashuka, gharama inapaa, na lawama zote zinabebeshwa mbao. Anza na mita 6 hadi 7.5. Kama lazima uende 9, nenda upande mmoja tu.

Utatumia bidhaa mbili kubwa. Ya kwanza ni boriti na nguzo za kugundishwa, yaani vipande vyembamba vilivyobandikwa kwa gundi nyuzi zikielekea upande mmoja. Ya pili ni paneli za matabaka, ambazo kila tabaka nyuzi zake hulikata la chini yake kama msalaba, na hizi ndizo sakafu na kuta. Muulize mwenye kiwanda upana na urefu wa paneli zake kabla hujachora, na umuulize dereva wa lori ni urefu gani unaopita kwenye barabara ya kuja kiwanjani. Paneli ya mita 14 isiyoweza kukata kona ni kuni za bei ghali.

Jambo moja dogo ambalo huwatesa watu miaka miwili baada ya kuhamia: mbao ikikauka haifupiki kwa urefu wa nyuzi, lakini hunywea kwa upana. Ukiikalisha nguzo ya ghorofa ya pili juu ya boriti, boriti yenye kina cha sentimita 60 ikipoteza asilimia 4 ya unyevu itanywea karibu milimita 6. Zidisha kwa ghorofa 6: jengo limeshuka sentimita 3 na nusu, na lile bomba la maji lililosimama wima halikushuka nalo. Basi nguzo ikalie nguzo, kichwa kwa kichwa, na boriti ishikiliwe ubavuni.

Hatua ya 4: Jua mbao zako zilikotoka

Hapa sitakaa sana. Dai cheti kwamba mbao zimetoka kwenye msitu unaotunzwa (mifumo mikubwa ya vyeti hivyo ni FSC, iliyoanza mwaka 1993, na PEFC, ya mwaka 1999), kisha dai cheti cha mzigo wenyewe, si cha kampuni kwa jumla, maana kampuni yenye cheti inaweza kuuza pia mbao zisizo nacho. Uliza gundi: je, inatoa mvuke unaowasha macho, na je, inastahimili joto la moto? Na tumia mbao kidogo kadiri inavyowezekana. Kujaza mbao nene pasipohitajika ili takwimu ya kaboni ipendeze ni kujidanganya.

Hatua ya 5: Ifunze timu yako mbao inavyokunywa maji

Kabla ya kuchora maungio, fanya jaribio hili mezani mbele ya wote, mteja akiwemo. Chukua vipande viwili vya ubao mmoja. Mimina kwenye sahani maji yenye rangi, kina cha kidole. Kimoja kilaze ubavu, kingine kisimamishe kwa kichwa, pale msumeno ulipokata nyuzi. Nendeni mkanywe chai. Mkirudi, kilicholala kimelowa juu juu tu, kilichosimama rangi imekipanda. Kila kichwa cha mbao ni rundo la mirija iliyo wazi. Ukilishika hilo, nusu ya maungio mabaya utayakataa mwenyewe.

Kinachofuata ni sheria chache, na sizilegezi hata mteja akinuna:

Kichwa cha mbao kisikae nje bila kofia ya bati. Nguzo ya nje isiguse sakafu, isimame juu ya kiatu cha chuma chenye nafasi chini yake ili hewa ipite na maji yadondoke. Mbao ianze angalau sentimita 30 juu ya ardhi, kwa sababu mvua ikigonga ardhi huruka, na pembeni ya ukuta paweke kokoto badala ya udongo. Mbao za kuvalisha ukuta kwa nje zisigandamane na ukuta: acha uwazi wa sentimita 3 hivi nyuma yake, ulio wazi chini na juu, ili maji yakipenya yashuke na hewa iyakaushe.

Na paa litokeze. Wasanifu wa leo wanapenda jengo lililonyolewa kama sanduku, na picha zinatoka vizuri sana mwaka wa kwanza. Mnara wa hekalu la Hōryū-ji, Japani, ni wa mbao na una zaidi ya miaka 1,300. Tazama paa zake zinavyotanda kila ghorofa, kama mtu aliyefungua miavuli mitano. Norwei nako makanisa ya kale ya mbao yaliyochimbiwa nguzo ardhini yalioza yakaisha. Yaliyosimama mpaka leo ni yale ambayo mafundi waliyainua juu ya mawe. Hawakuwa na dawa ya kisasa ya mbao. Waliyazuia maji kwa umbo la jengo lenyewe.

Ndani nako usisahau. Vyoo na jiko vipangwe kimoja juu ya kingine, sakafu zake zipakwe kinga ya maji na ziwe na tundu la kutolea maji. Bomba linalovuja taratibu ndani ya dari iliyofungwa ni baya kuliko mvua. Mvua utaiona.

Hatua ya 6: Roshani zitenge na jengo

Mwezi Juni mwaka 2015 huko Berkeley, California, roshani ya jengo la makazi ilivunjika usiku watu wakiwa juu yake, wakafa 6. Boriti zake za mbao zilikuwa zimeoza ndani, zikiwa zimefunikwa juu na chini, na kwa nje hapakuonekana kitu. Baadaye jimbo hilo likatunga sheria ya kukagua roshani za namna hiyo za majengo ya kupanga kila miaka 6.

Kosa huanzia kwenye mchoro. Msanifu anairefusha sakafu ya ndani itokeze nje iwe roshani, kwa sababu mstari unapendeza. Sasa mbao moja ina mguu mmoja ofisini na mwingine mvuani, na maji yana barabara ya kuingilia. Usifanye hivyo. Roshani ijitegemee kwenye nguzo zake za nje, au ining'inizwe kwa vyuma, ikiungana na jengo kwa vipande vichache vya chuma vinavyoonekana na vinavyoweza kufunguliwa. Sakafu yake iwe na nafasi kati ya ubao na ubao. Tumbo lake libaki wazi, lisifungwe dari, ili mtu aliye chini akiinua macho aone mbao zenyewe.

Niliwahi kuitwa kukagua ofisi moja iliyokuwa na masanduku ya maua roshanini. Rangi ilikuwa safi, maua yamestawi. Chini ya sanduku moja palikuwa na mstari mwembamba wa kijani, ukungu tu, uliofuata tone la maji hadi kwenye kichwa cha boriti. Nilichomeka ufunguo wa gari pale, ukaingia mpaka shina bila kusukuma. Mtunza bustani alikuwa akiyanywesha kila asubuhi kwa uaminifu. Sanduku halikuwa na sahani chini yake, hilo tu.

Kwa hiyo masanduku ya maua yakae kwenye fremu ya chuma nje ya ukingo, yadondokee bustanini. Mimea ya kutambaa ipande kwenye nyaya zilizosimama mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, kamwe isishike mbao.

Hatua ya 7: Bustani ya paa, kwanza kilo, kisha kijani

Udongo wa kawaida wa shambani ukilowa sawasawa hufika kilo 1,800 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo. Sentimita 30 tu za udongo huo, zinazotosha maua na vichaka vidogo, ni kilo 540 hadi 600 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya ofisi, watu na madawati na makabati, kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 250 hadi 300. Umeona? Bustani ya kina hicho ni kama kupanga ofisi mbili moja juu ya nyingine, daima.

Njia tatu za kutoka hapo. Tumia udongo mwepesi wa bustani za paa, uliochanganywa mawe ya volkano au vigae vilivyosagwa. Sehemu kubwa ya paa ipande mimea mifupi inayoridhika na sentimita 8 hadi 15. Miti michache unayoitaka iweke juu ya nguzo kabisa, kamwe isiwe katikati ya boriti. Mteja anapoonyesha picha ya msitu juu ya paa, mimi huwa namwonyesha mchoro wa nguzo na kumwambia: vitone hivi ndivyo viwanja vya miti yako, chagua.

Halafu maji. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na maji ya paa nayo ni hivyo hivyo: matatizo yote yako kwenye kingo, kona na matundu. Paa la mbao lisilale bapa hata likibeba mimea mifupi tu, lipe mteremko wa angalau sentimita 2 kwa kila mita, na uhesabu kwamba boriti zitapinda kidogo chini ya uzito. Utando wa kuzuia maji uwe wa aina inayostahimili mizizi, nao upandishwe ukutani mpaka juu ya usawa wa udongo. Kila sehemu ya paa iwe na matundu mawili ya kutolea maji, na tundu la tatu la dharura linalomwaga nje peupe, mahali ambapo wafanyakazi wote watayaona maji yakitoka na kuuliza. Tundu la dharura linalomwaga kwa siri halisaidii mtu.

Mimi sipendi utando ulalie moja kwa moja juu ya paneli ya mbao. Weka uwazi wa hewa kati ya paneli na sakafu ya pili inayobeba utando, au kama huna nafasi, tandaza vipima unyevu juu ya paneli kabla ya kufunika. Kabla udongo haujapanda, ziba matundu, jaza maji, acha saa 24 au 48, kisha zunguka chini na tochi. Udongo ukishamwagwa, kutafuta tundu la sindano ni kufukua bustani nzima.

Hatua ya 8: Bustani ya ardhini

Hii ndiyo itakayotumika zaidi, basi ipe watu mahali pa kukaa: kivuli cha mti, meza inayotosha watu wanne, umeme wa kuchajia, njia inayopitika kwa kiti cha magurudumu. Benchi la jua kali ni sanamu tu.

Maji ya paa yaje huku. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 600 za mraba likipata milimita 20 limepokea lita 12,000. Sehemu iende kwenye tangi la kunyweshea, ziada iende kwenye bonde la mvua ulilochora hatua ya 2. Bomba za kunyunyizia zisielekee ukutani. Ni jambo la kitoto, lakini nimeziona mara nyingi mno zikiuosha ukuta kila jioni.

Penye mchwa, acha ukanda wa zege au mawe usio na mimea kuzunguka jengo lote, na sehemu ya msingi ibaki inaonekana ili njia zao za udongo zionekane mapema. Maganda ya mbao ya kufunikia udongo yasisogee ukutani, huko ni kuwatandikia mchwa mkeka.

Hatua ya 9: Moto

Kila mtu atakuuliza. Chukua kinga cha moto kilichozimwa, kwangua mkaa kwa kisu, umwonyeshe: ndani mbao bado nyeupe. Mbao nene huungua polepole, takriban milimita 0.7 kwa dakika, kwa sababu mkaa wenyewe huikinga. Nguzo ya milimita 400 inayoungua pande zote nne kwa dakika 90 hupoteza milimita 63 kila upande. Mhandisi huongeza 7 za mbao iliyopashwa moto mpaka haina nguvu, na hubaki kitovu cha milimita 260. Swali ni kama kitovu hicho kinabeba jengo. Kikitosha, vizuri, kisipotosha, nenepesha nguzo au ivishe vibao vya jasi (gypsum).

Udhaifu uko kwenye chuma. Bolti na sahani za maungio zilizo wazi hupata joto haraka, basi zifukie ndani ya mbao. Vinyunyizio vya kuzima moto viwepo, ngazi za kutorokea zikae kwenye mnara usioungua, na uwazi wa nyuma ya mbao za nje ukatwe kila ghorofa kwa kizuizi kinachovimba kikipata joto. Bila hicho, uwazi uliouacha kwa ajili ya hewa unageuka bomba la moshi. Na majani makavu ya bustani ya paa yafyekwe, acha ukanda wa kokoto kandokando ya kuta na madirisha ya paa.

Hatua ya 10: Kelele na mtikisiko

Sakafu ya paneli ya milimita 160 ina uzito wa kilo 80 hivi kwa mita ya mraba, ya zege ya milimita 200 ina 480. Wepesi huo unakupunguzia msingi, lakini unakuletea vishindo vya viatu kutoka juu. Tandaza mkeka laini, juu yake tabaka zito la sentimita 6 hivi, kisha sakafu. Usihesabu boriti kwa nguvu peke yake. Mara nyingi ni mtikisiko unaoamua urefu wake, na mtu anayetikiswa na mwenzake anayepita hatakuelewa ukimwambia sakafu ni salama.

Hatua ya 11: Kujenga bila kulowesha

Mbao hutoka kiwandani na unyevu wa asilimia 12 hivi. Kuvu huanza kupata nafasi ukizidi 20. Kati ya hapo ndipo ulipo mchezo wako. Ratibu paneli zifike siku zinapofungwa, zisirundikwe kiwanjani. Vichwa vyote vipakwe nta kiwandani. Maji yakituama sakafuni yafagiwe siku hiyohiyo, na fundi apewe ufagio wa mpira kama chombo rasmi cha kazi. Nunua kipima unyevu cha sindano, andika kwa penseli kipimo na tarehe juu ya paneli yenyewe, na usimruhusu mtu yeyote afunge dari au kutandaza sakafu juu ya mbao yenye zaidi ya asilimia 16. Mkandarasi atalalamika kuhusu ratiba. Mwache alalamike.

Maungio yawe ya bolti na skrubu zinazofunguka, na mchoro wa kila moja utunzwe, ili siku jengo likichoka boriti zishushwe zikiwa nzima na kujenga kwingine.

Hatua ya 12: Kabidhi ngazi pamoja na funguo

Mwenye jengo mpe orodha ya ukurasa mmoja: matundu ya paa yasafishwe mara ngapi, vipima unyevu visomwe lini, nani anakagua roshani, nani mwingine anaruhusiwa kushika bomba la kunyweshea. Mtunza bustani na mtunza jengo wakae meza moja siku hiyo, maana mara nyingi hawajuani. Halafu mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, nenda mwenyewe na tochi, panda ngazi, uangalie chini ya kila roshani na kila tundu la dharura. Beba na ufunguo wa gari.